Madeni ya Mtaa

Nyumba ya udongo haizeeki kama nyumba ya mawe. Kiambaza kikimomonyoka kwa masika hukandikwa upya, nguzo iliyoliwa na mchwa hung'olewa ikatiwa nyingine, makuti yakichakaa huezuliwa, na mwenye uwezo akapandisha mabati. Muulize mwenyewe nyumba hii ya lini, atakutajia babu wa babu yake, wala hasemi uongo, ingawa humo ukutani hamna hata ufito mmoja uliokatwa na babu huyo. Kilichodumu ni kiwanja, ni kichochoro cha kutokea kwa jirani, na ni ile zamu ya kusaidiana: waliokuja kukanyaga udongo kwako mwaka huu, mwakani wewe utakwenda kukanyaga kwao. Ukuta unasimama kwa sababu kuna watu wanaodaiana.

Mpangaji miji haoni madeni haya. Si kwa ubaya. Angani hayaonekani, kwenye ramani hayana rangi, na katika fomu ya mthamini hayana mstari. Fomu inauliza vyumba vingapi, paa la nini, choo cha aina gani, minazi mingapi, mwembe umezaa au bado. Hivyo vyote hulipiwa fidia, au huahidiwa kulipiwa. Lakini mtaa wa zamani ukibomolewa, kinachokwenda na kifusi ni hesabu ndefu ya nani alimfanyia nani nini, hesabu ambayo haikuandikwa na mtu yeyote kwa kuwa kila mtu alikuwa anaijua.

Mfano ninaourudia ni Ng'ambo, Unguja. Mji wa Zanzibar ulikuwa na pande mbili, katikati yake mkono wa bahari uliojaa na kupwa. Magharibi ni Mji Mkongwe, nyumba za mawe na milango ya nakshi. Mashariki, ukivuka daraja lililoipa Darajani jina lake, ndiko walikoishi mafundi, wavuvi, wachukuzi wa bandarini, watumishi wa majumbani, watumwa walioachwa huru na watoto wao, Wamanyema, Wangazija, Wahadhrami wa maduka madogo. Mkono wa bahari ulijazwa kifusi, daraja likabaki jina. Upande wa mawe uliundiwa mamlaka yake ya uhifadhi mwaka 1985, na mwaka 2000 UNESCO ikauandika katika orodha ya urithi wa dunia. Upande wa udongo ulipata kitu kingine: ulichorwa na kuchorwa tena.

Ndani ya miaka sitini hivi mji huo ulipata mipango mikuu minne. Lanchester, Mwingereza, aliandika wa kwanza mwaka 1923. Kendall, Mwingereza mwenzake, akaleta wake mwaka 1958. Mwaka 1968 ukaja wa Hubert Scholz kutoka Ujerumani Mashariki, na mwaka 1982 ule wa wataalamu wa Kichina. Wakoloni wawili, wajamaa wawili, na itikadi zao zilikuwa mbali kama mashariki na magharibi. Hata hivyo ukiisoma mipango yao, kuhusu Ng'ambo wanakaribiana kuliko ambavyo wenyewe wangependa kukiri: pamesongamana, hapana mpangilio, pasafishwe, panyooshwe.

Ya Waingereza sitayakalia sana, maana mengi yaliishia kabatini. Lakini liko jambo moja ambalo historia ililifanya kama kwamba ina utani. Katika miaka ya 1940, Katibu Mkuu wa serikali ya kikoloni, Eric Dutton, alishikilia sana mradi wa kuijenga upya Ng'ambo, na kitovu chake kikawa Raha Leo, jumba la jamii ambamo wenyeji wangekutana, wapate burudani na elimu, na kwa kufanya hivyo, ndivyo ilivyotarajiwa, wawe raia watulivu. Januari 1964 Mapinduzi yaliongozwa kutoka hapo hapo Raha Leo. Jumba lililojengwa ili watu watulie likawa makao ya walioipindua serikali. Mchoraji huchora mlango. Nani atapita na amebeba nini, hilo halimo katika mchoro.

Baada ya Mapinduzi, Rais Abeid Amani Karume hakutaka Ng'ambo irekebishwe. Aliitaka iondoke. Kila Mzanzibari atoke kwenye udongo, aingie kwenye nyumba ya kisasa yenye umeme, maji na choo cha ndani, tena bila ya kutozwa kodi. Wajerumani Mashariki walisaidia kuanzia Kikwajuni na Kilimani. Kisha ikafuata Michenzani: barabara mbili pana zikatize msalaba katikati ya mitaa ya zamani, na kandokando yake yasimame majumba marefu, moja moja likikaribia mita 300. Nyumba za udongo zilizokuwa katika njia ya msalaba huo zikabomolewa. Wananchi waliitwa kujitolea, wakabeba mchanga na matofali kwa mikono. Majumba kama hayo, madogo zaidi, yakapelekwa mpaka mashamba, Makunduchi na Bambi, na Pemba kule Mkoani na Wete. Karume aliuawa Aprili 1972. Michenzani iliendelea kujengwa chini ya mrithi wake, Aboud Jumbe.

Ni rahisi sana, hasa kwa mgeni mwenye kamera, kuyatazama majumba yale na kusema: tazama zege la Ulaya lilivyoukanyaga mji wa Kiswahili. Nimesoma maneno ya namna hiyo mara nyingi mno, na huwa yananikera kidogo, kwa sababu msemaji hakuwahi kulala chini ya makuti yanayovuja. Lakini maudhi yangu hayaondoi swali. Kuna kitu kilipotea, na ni vyema tukakitaja kwa jina lake badala ya kukililia kwa ujumla.

Chukua kifo. Katika nyumba ya Ng'ambo ya zamani, mtu akifa, maiti huoshwa ndani ya nyumba, na chini ya kitanda cha kuoshea huchimbwa kishimo kupokea maji. Maji ya maiti hayamwagwi ovyo; yanaingia ardhini pale pale alipoishi, kisha shimo likafukiwa, sakafu ikasiribwa, maisha yakaendelea juu yake. Wanawake wanajaa ukumbini na uani, wanaume barazani na njiani, mikeka inatoka nyumba saba, masufuria yanatoka nyumba kumi, na hakuna anayeuliza sufuria hili la nani kwa sababu kila mama analijua lake kwa kibonyeo chake. Sasa mpandishe maiti huyo ghorofa ya nne. Sakafu ya zege haichimbwi, na chini yake kuna sebule ya mtu mwingine. Ngazi zinakata kona, jeneza halikati kona. Nimewahi kuliona likishushwa: vijana wawili mbele wakirudi kinyumenyume, wawili nyuma wakilinyanyua juu ya vichwa vyao ili lisilale sana upande, na mzee mmoja kwenye kila kituo cha ngazi akielekeza kwa sauti ya chini, kushoto, kushoto, taratibu. Lilipofika chini ndipo lilipopokewa na mabega mengi kama inavyostahiki.

Aliyelichora jumba lile alifikiria mengi, mwanga, upepo, idadi ya familia, umbali wa skuli. Kwamba ndani yake watu watakufa, na wakifa watahitaji kuoshwa na kushushwa, kwa desturi hii na si nyingine, hilo linaonekana halikumpitia. Wakazi wakatafuta namna. Wengine walimpeleka maiti wao kwa ndugu mwenye nyumba ya chini, wengine wakategemea msikiti wenye chumba cha kuoshea. Yaani walilazimika kuomba mahali pa kufanyia jambo ambalo zamani halikuombwa popote. Na kila walipoomba, deni jipya likaandikwa.

Hapo ndipo fikra yangu inapoanza kuyumba, na nisingependa kuinyoosha upesi. Kwani madeni ya mtaa wa zamani yalikuwa mazuri yote?

Watu wa Ng'ambo walimiliki nyumba zao lakini si ardhi iliyokuwa chini yake. Ardhi ilikuwa ya wenye nayo, Waarabu na Wahindi, na nyingine ya wakfu. Awali wengi walikaa bila ya kulipa chochote cha maana. Walichodaiwa ni utii, heshima, kuhudhuria shughuli za bwana, kuonekana kuwa ni watu wake. Fedha ilipoanza kutawala mji, wenye viwanja wakaanza kudai kodi na kuipandisha, hata mwaka 1928 Ng'ambo ikagoma kuilipa. Mgomo ule ulitikisa serikali. Tukiuangalia kwa jicho la leo, walichokikataa wale watu ni pamoja na hilo ninaloliita hesabu ya mtaa: kwamba babu yako alipewa mahali pa kuweka nguzo, kwa hiyo wewe na wanao mna jambo na sisi mpaka mwisho. Machi 8, 1964, Karume aliitangaza ardhi kuwa mali ya serikali, na deni lile likafutwa kwa siku moja.

Kwa mtu aliyedaiwa hivyo, funguo za fleti zilikuwa na maana ambayo mpenda vichochoro hawezi kuiona. Jumba nambari fulani, mlango nambari fulani. Hakuna aliyekupa kwa hisani yake, hakuna wa kumwambia ahsante kila Idi. Jirani wa kushoto katoka Kwahani, wa kulia katoka Pemba, hamjuani, na katika kutojuana huko kuna pumzi. Katika mtaa wa zamani kila mmoja alijua bibi yako alikuwa nani na alikuwa wa nani. Lilikuwa ni neno la kunong'onwa penye posa, na lilivunja nyingi. Mwanamke aliyeachwa alirudi kwa wazee wake kupitia njia yenye baraza sita, na baraza zote sita zilikuwa na watu. Ngazi za Michenzani zina giza, zina harufu, lakini hazina macho mengi hivyo.

Kwa hiyo mpango mkuu huwarudisha watu wote kwenye sifuri, na sifuri haina uzito mmoja kwa kila mtu. Kwa aliyekuwa anadai, ni hasara: bibi aliyekopesha mchele misiba yote ya mtaa kwa miaka arubaini, akihamishiwa kwingine hana wa kumlipa. Kwa aliyekuwa anadaiwa bila ya kukopa, ni ukombozi. Nadhani hii ndiyo sababu mazungumzo kuhusu Michenzani hayaishi kwa maafikiano, hata katika familia moja. Watu wanazungumza juu ya majumba yale yale huku kila mmoja akikumbuka hesabu yake.

Sifuri yenyewe, tena, haikai. Leo ukishuka chini ya majumba yale jioni, utaona kilichotokea kwenye uwazi ambao mchoro uliuacha kuwa bustani. Pana mabanda ya maduka, pana meza za keram na bao, muuza kahawa na dele lake, wanaoanika, wanaokaanga, wanaoosha vyombo vya moto. Pembeni ya mzunguko wa Michenzani ndiko kulikokua maskani maarufu ya Kisonge, na ubao wake mweusi ulioandikwa vijembe vya siasa kwa chaki ukasomwa na mji mzima, kwa kicheko au kwa hasira kutegemea msomaji ni wa upande gani. Baraza zilizobomolewa zikarudi bila ya kibali. Mtoto aliyezaliwa humo anajitambulisha kwa nambari ya jumba lake, na anaitaja kwa majivuno yale yale ambayo wazee wake waliitaja mitaa yao. Nambari iliyopigwa na ofisi kwa ajili ya kuhesabia imegeuka ukoo. Siku mnene mmoja atakapokuja na mchoro wa kuyabomoa majumba haya, hao watasimama mbele ya tingatinga wakitetea mtaa wao wa asili, na watakuwa na haki.

Ng'ambo ya pili ya barabara, Mji Mkongwe una kisa chake, kilichogeuzwa ndani nje. Kule kuta zilihifadhiwa. Baada ya 1964 wenye nyumba wengi walikimbia au kunyang'anywa, na serikali ikawaingiza humo watu wa Ng'ambo na wa Pemba, familia nne tano katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya moja. Wapangaji hao wakawa majirani, wakazikana, wakaozana. Kisha biashara ikafunguliwa, utalii ukaja, na uandishi wa urithi wa dunia ukapandisha bei ya kila jiwe. Sheria ikasema dirisha lisibadilishwe, nakshi isiguswe, chokaa iwe chokaa na si saruji. Haikusema, na labda haikuweza kusema, kwamba mama wa ghorofa ya pili asihamishwe. Nyumba baada ya nyumba ikawa hoteli, na paa la kuanikia nguo likawa mkahawa wa kutazamia jua likizama. Hata mawe yenyewe si ya kuaminiwa sana: Desemba 2020 sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib iliporomoka ikiwa katika ukarabati na kuua mafundi wawili. Lakini pale yaliposimama, yamesimama vizuri, yamepakwa chokaa, na usiku wa msimu wa wageni kuna vichochoro ambavyo unaweza kupita vizima usisikie mtu akimwita mtoto wake aje kula.

Basi mtaa wa zamani ni upi kati ya hii miwili? Kule kuta ni za karne ya kumi na tisa na wanaolala ndani wamefika jana na wataondoka Jumatano. Huku zege halijafika hata miaka sitini na wanaolala ndani wanaanza kuwa kizazi cha tatu cha watu wanaozikana. Orodha ya urithi inajibu bila ya kusita, kwa sababu inapima jiwe. Mimi nikilazimishwa, nasema mtaa ni wa zamani pale ambapo mtu anaweza kugonga mlango saa nane za usiku bila ya kufikiria kwanza ataeleza nini. Kwa kipimo hicho, jumba refu la Michenzani ni kongwe kuliko hoteli ya mawe iliyo hatua mia kutoka baharini. Najua kipimo hiki hakiingii kwenye sheria. Huwezi kuiandikia wizara kwamba linda kugonga mlango.

Wapo waliojaribu kukaribia hapo. Idara ya mipango miji ya Zanzibar, pamoja na washirika wake kutoka Uholanzi, ilikwenda mtaa kwa mtaa ikiandika baraza zilipo, visima, maskani, kumbi za ngoma, viwanja vya mpira, hata miti ya vivuli inayokutanisha watu, na mwaka 2019 kazi hiyo ikatoka kuwa atlasi nzima ya Ng'ambo. Mpango uliofuatana nayo uliitwa Ng'ambo Tuitakayo. Kwa upande uliokuwa umechorwa mara nne kama tatizo, hilo si jambo dogo: safari hii walihesabu kilichopo kabla ya kuhesabu kinachokosekana. Lakini hapo hapo Michenzani likapanda jengo jipya la maduka, lenye vioo na kiyoyozi, na kule Kwahani nyumba za zamani zikabomolewa kupisha majengo ya fleti, wakazi wakaambiwa wahame kwa muda, watarudi. Ahadi ya kurudi ni bora mara elfu kuliko fidia ya kwenda zako. Ila nani anayerudi? Mwenye nyumba yumo katika orodha. Mpangaji wa chumba cha uani, fundi cherehani aliyeegemea ukuta wa mtu kwa miaka ishirini bila ya karatasi, muuza mihogo wa pembe ya njia, hao hawamo, na mara nyingi ndio waliokuwa wanaijua hesabu ya mtaa kuliko wote.

Hapa sina budi kumtetea mpangaji miji kidogo. Mji unakua, maji taka hayatembei kwa nia njema, gari la zimamoto haliingii kichochoro cha punda, na ardhi ya katikati ya mji haiwezi kubeba nyumba za chini peke yake milele. Anayesema pasiguswe kabisa, mara nyingi anaishi kwingine. Kubomoa kunaweza kuwa haki. Ninachomtaka mpangaji akijue ni kwamba anapofuta, anafuta vitu viwili kwa kalamu moja, dhuluma na fadhila, na kwamba hana uwezo wa kuchagua kimoja akiwa ofisini. Akikaa mtaani anaweza kujua mapema.

Sheha, kiongozi wa mtaa, anawajua watu wake kwa majina. Kina mama wa vikundi vya kufa na kuzikana wana madaftari ya michango, kurasa zimechafuka mafuta ya taa, na ndani yake mna jina, tarehe, kilo za mchele, na alama ya aliyekwisha kurudishiwa. Kabla ya kuagiza picha ya setilaiti nyingine, ofisi ya mipango ingeomba ruhusa ya kuyafungua madaftari hayo. Itajua familia zipi ziwekwe ngazi moja zinaporudishwa, na zipi zitaomba, kwa sababu zao ambazo hazimhusu mtu, kuwekwa jumba tofauti. Na itajua chumba cha kuoshea maiti kijengwe wapi, chini, karibu na lango, chenye mfereji wa maji unaoingia ardhini.